Kabla hujalipunguza Jua: ushauri kwa anayeanza na programu za kuiga anga

Karibu kila anayefungua programu ya kuiga anga kwa mara ya kwanza huuliza: "Nikibadilisha hiki, itakuwaje?" Ni swali zuri, na ndilo lililokuleta. Tabu huanza pale unapoliuliza kwa programu isiyokokotoa kitu hicho kabisa. Picha itatembea, rangi zitapendeza, na utaondoka na jibu ambalo halikutoka kwenye fizikia.

Kwa hiyo kwanza ijue programu yako inakokotoa nini, na nini inachora tu. Stellarium na Celestia hutoa nafasi za sayari kutoka kwenye fomula na majedwali yaliyokwisha andaliwa, kama ile nadharia ya mienendo ya sayari iitwayo VSOP87. Ni sahihi sana kwa kujibu "Mirihi ilikuwa wapi usiku ule?", lakini hazikokotoi mvutano, hivyo huwezi kuziuliza ingekuwaje Mshtarii angekuwa mzito mara mbili. SpaceEngine huchanganya: nyota zilizomo kwenye katalogi ni halisi, nyingine nyingi zimetungwa na programu yenyewe kujaza nafasi. Jina likianza na RS, hiyo ni ya kutungwa. Itazame ufurahi, usiichukue kama data. Universe Sandbox na REBOUND ndizo zinazokokotoa kila gimba linavyovuta jingine, na huko ndiko maswali ya "itakuwaje" yanakopelekwa.

Chukua zoezi la Jua, maana limebeba mengi kuliko linavyoonekana. Swali: Jua likipoteza nusu ya tungamo lake kwa ghafla, Dunia itafanya nini?

Usifungue programu bado. Kamata kalamu. Kasi ya mzingo wa duara hupatikana kwa v² = GM/r, ambapo G ni kigezo cha mvutano, M ni tungamo la Jua na r ni umbali kutoka kwake. Kasi ya kuponyoka, yaani ile inayotosha gimba kuondoka lisirudi tena, hupatikana kwa v² = 2GM/r. Ukiigawa M kwa mbili, ile kasi iliyokuwa ya duara inakuwa sawasawa na kasi ya kuponyoka. Maana yake Dunia itaondoka kwa njia ya parabola na haitarudi. Huo ni utabiri wako. Uandike, tena kwa namba.

Sasa fungua Universe Sandbox, pakia mfumo wa Jua na usimamishe muda. Futa kila kitu isipokuwa Jua na Dunia. Mwezi nao uondoke, kwa kuwa huiyumbisha Dunia kwa mita kama 12 kwa sekunde, na hapa tunafanya kazi mpakani, mahali ambapo kitu kidogo huweza kugeuza jibu. Weka tungamo la Jua kuwa 0.5 ya lile la kawaida, kisha uachie muda uende.

Mmoja ataona Dunia ikitokomea moja kwa moja. Mwingine, kwa programu hiyohiyo na hatua hizohizo, ataiona ikienda mbali sana, ikipunguza mwendo, halafu ikigeuka kurudi. Hakuna aliyekosea wala programu haijaharibika. Tofauti yao ni tarehe. Mzingo wa Dunia si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari iko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, ikienda kilomita 30.3 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai iko milioni 152.1, ikienda 29.3. Kokotoa kasi ya kuponyoka kutoka kwenye nusu-Jua katika sehemu hizo mbili: Januari ni 30.0, Julai ni 29.5. Ya Januari inavuka mpaka, ya Julai haivuki. Dunia ya Julai inaingia kwenye duaradufu ndefu inayofika mara 60 hivi ya umbali wake wa sasa, na mzunguko mmoja unachukua takriban miaka 237. Usiizime programu baada ya miaka 50 ukasema "imetoroka". Ipe muda irudi.

Ukimaliza hapo, lifanye Jua liwe zito mara mbili. Watu wengi hutabiri kwamba Dunia itatumbukia. Haitumbukii. Ukianzia kwenye duara, sehemu ilipo Dunia inageuka kuwa ya mbali zaidi ya mzingo mpya. Sehemu ya karibu inakuwa theluthi moja ya umbali wa zamani, ndani zaidi ya umbali wa wastani wa Zebaki, na mwaka unabaki siku 141 hivi. Namba zako zikikaribia hizo, umeelewa. Zikiwa mbali, tafuta ulichosahau kukifuta.

Jambo moja la kuangalia kwenye skrini: mstari wa mzingo na alama ya njia si kitu kimoja. Mstari wa mzingo ni makisio ya papo hapo, kana kwamba gimba lingevutwa na kitu kimoja tu kuanzia sasa na kuendelea. Alama ya njia ni mahali lilipopita kweli. Magimba yakiwa matatu na zaidi, hivyo viwili huachana, na anayeanza huamini mstari kwa sababu ndio mzuri zaidi kutazama. Soma njia.

Sasa hatua ya muda, ambayo ndiyo chanzo cha "ugunduzi" mwingi wa uongo. Programu haisogezi magimba kwa mfululizo. Huyarusha kidogo, hukokotoa mvutano upya, huyarusha tena. Mwezi Io huzunguka Mshtarii kwa siku 1.77 katika umbali wa kilomita 421,800, kwa kasi ya kilomita 17.3 kwa sekunde. Ukiweka hatua ya siku moja, mrusho mmoja ni kilomita milioni 1.5, zaidi ya nusu ya mzingo wote, tena karibu kwa mstari ulionyooka. Io itaruka nje ya mfumo, na fizikia haina hatia. Kanuni ya kuanzia: hatua isizidi moja ya mia ya mzunguko mfupi kuliko yote uliyo nao. Kwa Io hiyo ni dakika 25. Kwa Zebaki, yenye siku 88, ni chini kidogo ya siku moja.

Kisha ipime hatua yenyewe. Endesha miaka 10, andika nafasi ya gimba unalolifuatilia. Rudi mwanzo, punguza hatua nusu, endesha tena. Tarakimu zilizobaki vilevile ndizo za kuaminika. Zilizobadilika zifute kwenye daftari. Angalia pia jumla ya nishati. Katika mfumo usioguswa na kitu cha nje inapaswa kubaki palepale, na ikipanda taratibu huku mizingo ikitanuka, hiyo ni dalili ya njia hafifu ya ukokotoaji, hasa ile rahisi ya Euler ambayo wengi huiandika wenyewe siku ya kwanza. Kuwa mwangalifu na kitufe cha kuharakisha muda, kwa sababu baadhi ya programu hurefusha hatua ili kompyuta imudu kasi uliyoomba.

Kwa maswali ya anga kama linavyoonekana, rudi Stellarium. Zoezi zuri la kuanzia ni Mirihi kurudi nyuma. Bonyeza F5, weka tarehe 1 Novemba 2024. Ondoa angahewa kwa A na ardhi kwa G, kisha Ctrl na M ili mtazamo ufuate ikweta ya anga. Bonyeza F3, tafuta nyota Pollux, ifungie katikati. Sasa gonga alama ya = ; kila ukiigonga mara moja, ni siku moja. Mirihi itakwenda mashariki hadi takriban tarehe 7 Desemba, itasimama, itarudi magharibi hadi karibu 24 Februari 2025, kisha itaendelea na safari yake. Kosa la kawaida ni kuifungia Mirihi yenyewe katikati: ikishatulia pale, nyota ndizo zinazotembea na kitanzi hukioni. Angalia kilichopo katikati ya kipindi hicho: tarehe 16 Januari, Mirihi na Jua ziko pande zinazoelekeana angani, Dunia ikiwa katikati. Fungua Celestia, panda juu ya mfumo wa Jua kwa tarehe hiyohiyo, na utaiona Dunia, yenye kilomita 30 kwa sekunde, ikiipita Mirihi yenye 24. Mirihi haikurudi popote. Sisi ndio tuliopita.

Tarehe za kale zina mitego yake. Kabla ya 15 Oktoba 1582 Stellarium hutumia kalenda ya Julius, na hesabu yake ya miaka ina mwaka 0, ambao ndio mwaka 1 kabla ya Kristo. Anayetafuta kupatwa kwa Jua kwa mwaka 585 kabla ya Kristo lazima aandike -584. Na ukilinganisha saa za machweo na jedwali, angahewa iwe imewashwa: kwenye upeo wa macho hupinda mwanga kwa dakika 34 za tao (dakika ya tao ni moja ya sitini ya digrii), zaidi ya upana wa Jua lenyewe, kwa hiyo Jua unaloliona likigusa ardhi limekwisha kuzama.

Mchezo wa kompyuta uitwao Kerbal Space Program ni mwalimu mzuri wa kurusha chombo, kwa masharti mawili. Chombo huvutwa na gimba moja tu kwa wakati mmoja, hivyo vituo vya Lagrange, yaani sehemu ambazo mivutano ya magimba mawili hukiwezesha chombo kwenda sambamba nayo, kama kile cha L2 kilicho kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani ambako ipo darubini ya James Webb, havimo kabisa. Usihangaike kuvitafuta, unahitaji nyongeza iitwayo Principia. Sharti la pili ni vipimo: Kerbin, sayari ya kubuni ya mchezo huo, ina nusu-kipenyo cha kilomita 600 lakini mvutano wa juu ya uso sawa na wa Dunia, kwa hiyo msongamano wake ni kama mara kumi ya wetu. Kuingia kwenye mzingo wa chini huko huhitaji takriban mita 3,400 kwa sekunde. Kutoka Duniani ni karibu 9,400. Mantiki ichukue, namba ziache hukohuko.

Ukizoea, hamia REBOUND kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu huko unaandika kila sharti wewe mwenyewe. Mtego wa siku ya kwanza ni vizio. Usipotaja chochote, G ni 1. Ukiweka Jua la tungamo 1 na sayari kwenye umbali wa 1, mwaka mmoja si 1, ni 2π, yaani 6.283. Aliyeendesha hadi 100 akidhani ni miaka 100 amepata 16 tu.

Fahamu pia fizikia isiyokuwemo. Ukiifuatilia Zebaki kwa mvutano wa Newton pekee, sehemu yake ya karibu na Jua itazunguka pungufu ya inavyopimwa angani, kwa sekunde 43 za tao kila karne. Kupunguza hatua hakutaziba pengo hilo. Linazibwa na nadharia ya Einstein, ambayo lazima uiongeze kwa makusudi.

Na kwa muda mrefu sana, uendeshaji mmoja haujibu kitu. Mwaka 2009 watafiti Jacques Laskar na Mickaël Gastineau waliendesha mfumo wa Jua mara 2,501 kwa miaka bilioni 5, kila mara wakibadilisha mwanzo kwa kiasi kidogo mno. Katika takriban asilimia 1 mzingo wa Zebaki ulirefuka kiasi cha kuhatarisha migongano. Hivyo swali lako likihusu mamilioni ya miaka, andaa mianzo 20 au zaidi, kila mmoja ukiisogeza sayari moja kwa mita chache. Hifadhi faili la kila mwanzo pamoja na toleo la programu na urefu wa hatua, halafu hesabu ni mingapi iliyoishia wapi.