Maswali Yenu: Mafuriko na Orodha ya Mtaa

Maji yaliingia ndani usiku, yakaharibu mahindi, magodoro na ukuta wa jikoni. Sisi ni wapangaji na sasa tupo kwa mjomba, mtaa mwingine. Msaada wa serikali tuufuate wapi?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Rudini ofisi ya mtaa mlikofurikiwa, msijiandikishe kwa mjomba. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia kijiji au mtaa, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Ile ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Majina hupanda kwa ngazi hizo, na unga, blanketi na mahema hugawiwa kwa majina yaliyopanda. Kaya iliyohama kabla ya kuhesabiwa ndiyo husahaulika kwa urahisi, kwa sababu mhesabuji akikuta mlango umefungwa hupita. Mwachieni mjumbe au jirani namba ya simu.

Kabla ya kuzoa tope, pigeni picha ya alama ya maji ukutani, futi ikiwa imesimamishwa pembeni, kisha vitu vilivyoharibika. Andikeni nakala mbili: jina la mkuu wa kaya, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), tarehe na saa, idadi ya watu, na mtaje watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Andikeni "mahindi magunia 3 ya kilo 100", maana "chakula chote" hakihakikiki. Nakala moja igongwe muhuri, mbaki nayo. Mwenye nyumba aandikishe jengo, ninyi vyombo na chakula. Wapangaji wengi humwachia yeye kila kitu, wakakosa. Mjue pia kwamba huu ni msaada wa kibinadamu, haulipi thamani ya mali.

Na tafadhali, msirudi kulala kwenye nyumba ya tofali za tope kwa kuwa maji yamekwisha kutoka. Ukuta wa namna hiyo hulainika chini, ukaanguka hata siku kadhaa baadaye.

Kisima chetu kiliingiwa na maji ya mafuriko. Tutie dawa kiasi gani?
*Msomaji, Gulwe, Mpwapwa*

Mwiteni kwanza afisa afya wa kata. Msikikaushe kwa pampu ardhi ikiwa imelowa, kuta zitabomoka. Punguzeni maji kidogo kidogo, mtoe tope, msugue kuta. Kisha pimeni: kipenyo mara kipenyo mara kina cha maji mara 0.785, vyote kwa mita. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 chenye maji ya mita 2 kina mita za ujazo 2.26.

Koroga gramu 50 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 katika ndoo ya lita 20. Kila mita moja ya ujazo hupata lita 10 za mchanganyiko huo, hivyo kisima hicho kinahitaji kama lita 23. Kiacheni usiku kucha, mteke maji na kuyamwaga hadi harufu kali iishe. Hata hivyo, ya kunywa yachemsheni.

Kimbunga kikiwa baharini, sisi wa bara kinatuhusu nini?
*Msomaji, Kondoa*

Hubadili mkondo wa upepo. Kikikaa mashariki ya Madagaska, mara nyingi huvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo hadi huku kwetu. Kikikaa kwingine, mvua yaweza hata kupungua. Kwa hiyo sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwa mkoa wenu. Katika rangi zake, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wanaokaa kando ya korongo wahame ikiwa chungwa, mchana, kwa sababu maji ya korongo hufika hata pale mvua inaponyesha mbali. Uokoaji: piga 114.