Baiskeli na farasi kwenye njia moja ya mlimani: ongea mapema

Chukua kona yenye vichaka ambapo macho yanafika mita 20 tu. Baiskeli inashuka kwa kilomita 25 kwa saa, na upande wa pili farasi anapanda kwa mwendo wa kutembea, kilomita 6 hivi kwa saa. Tangu waonane mpaka wagongane ni sekunde mbili na ushei. Ndani ya muda huo mwendesha baiskeli hajamaliza kufunga breki, na farasi ameshaamua kukimbia. Ugomvi mwingi wa njiani unazaliwa hapo, kabla hata watu hawajasalimiana.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Kitu kinachokuja kimya, kwa kasi na kikitokea nyuma, kwake ni chui mpaka ithibitike vinginevyo. Anakimbia kwanza, anachunguza baadaye. Mnyama wa kilo 500 akigeuka ghafla kwenye njia ya upana wa mita moja, aliye juu ya tandiko anaweza kuvunjika mguu, na mwenye baiskeli anaweza kupigwa teke la kifua. Kinachomtuliza haraka kuliko kingine chochote ni sauti ya mtu. Farasi amelelewa na watu, sauti zao anazijua, na baiskeli inayoongea hugeuka mbele yake kuwa mtu aliyekalia kitu.

Kwa hiyo, mwendesha baiskeli, ukimwona farasi mbele yako funga breki mapema, ukiwa bado mita 30 kama njia inaruhusu. Simama kabisa, weka mguu chini, kisha salimia kwa sauti ya kawaida: "Habari za leo! Nisimame upande gani?" Swali hilo lina kazi, kwa sababu mpandaji ndiye anayemjua mnyama wake. Asipokuwa na jibu, simama upande wa bondeni. Farasi akishtuka mara nyingi hukimbilia juu, na kitu kilichosimama juu yake kinamtisha kama mnyama anayejiandaa kumrukia. Kama upande wa bondeni ni genge, usijitie hatarini kwa kufuata kanuni. Rudi nyuma hadi palipo pana na umwambie mpandaji unachofanya.

Endelea kuongea wakati anapita, hata kama ni kuhusu hali ya hewa. Usijifiche nyuma ya kichaka ukidhani unamsaidia, maana farasi ameshakunusa na sasa hajui umejificha kwa nini. Helmeti ya kufunika uso ivue, ili uso uonekane. Shika baiskeli itulie, usiisukume mbele wala kuzungusha pedali kinyumenyume, kwani friwili (gia ya gurudumu la nyuma) ikianza kulia "trrrr" karibu na masikio yake unaharibu yote uliyojenga. Mkiwa kundi, simameni wote upande mmoja wa njia. Farasi kupita katikati ya watu waliosimama kushoto na kulia ni sawa na kuingizwa kwenye mtego. Wala usipande baiskeli mara tu farasi wa kwanza anapokupita. Subiri wa mwisho afike mbali kidogo, hasa kama ni msururu wa nyumbu wa mizigo waliofungwa kamba, ambapo mmoja akishtuka anawavuta wenzake wote.

Kumkuta kwa nyuma ndiko kugumu zaidi. Kengele ni nzuri ukiwa mbali, ila kuipiga ukiwa mita tano nyuma ya mkia ni kuomba teke. Anza kuongea ukiwa mita 20, kisha punguza mwendo ubaki pale pale mpaka mpandaji apate mahali pa kutoka pembeni na kumgeuza farasi akutazame. Farasi anayekuona ana utulivu kuliko anayekusikia tu. Pita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona masikio yamelala nyuma au mkia unapigapiga, shuka usukume.

Breki za diski zinazopiga kelele nazo zina lawama yake. Mara nyingi ni mafuta yaliyoingia kwenye diski au pedi, labda ya cheni yaliyopuliziwa bila uangalifu. Futa diski kwa spiriti safi na kitambaa kisichotumika kwa kazi nyingine, na ukwangue uso wa pedi kidogo kwa msasa laini. Pedi zilizokwisha kunywa mafuta hazitengenezeki. Badilisha.

Mpanda farasi naye ana sehemu yake, na hapa wengi wanakwepa. Farasi ambaye hajawahi kuona baiskeli hapaswi kuiona mara ya kwanza kwenye mteremko mwembamba. Mfundishe uwanjani. Anza na baiskeli iliyolazwa chini, aizunguke na kuinusa. Kisha mtu aisukume mbele yake, na farasi aifuate. Hatua hii inafanya maajabu, kwa sababu mnyama anayekifukuza kitu huacha kukiogopa. Baada ya hapo baiskeli ije kwa mbele, polepole, na mwisho kabisa kwa nyuma. Usihamie hatua nyingine kama bado anakaza shingo. Farasi mwenye tabia ya kurusha mateke afungwe utepe mwekundu mkiani, uwe onyo kwa walio nyuma.

Njiani, usikaze hatamu wala kupiga kelele mara unapoona baiskeli, kwani hofu yako inashuka hadi kwenye lijamu. Mjibu mtu aliyekusalimia, mwambie mko farasi wangapi, na mshukuru aliyesimama. Mavi ya farasi yakianguka kwenye njia ya pamoja, rudi uyasukume pembeni palipo salama kushuka. Na ardhi ikiwa imelowa kiasi kwamba kwato zinazama sentimita mbili au tatu, geuza. Matundu hayo yakikauka yanakuwa magumu kama tofali. Tairi nazo huchora mfereji unaobeba maji ya mvua, kwa hiyo ushauri huu ni wa pande zote.

Tatizo ni kwamba nchini Marekani, ambako mgogoro huu umekomaa kuliko kwingi, watu hufika njiani wakiwa tayari na uchungu wa sheria. Sheria ya Nyika ya mwaka 1964 ilikataza vyombo vya usafiri vya kimitambo katika maeneo ya nyika yaliyotengwa, na mwaka 1984 kanuni za Huduma ya Misitu zikaitaja baiskeli waziwazi. Farasi wanaruhusiwa. Eneo la Boulder-White Clouds kule Idaho lilipotengwa mwaka 2015, waendesha baiskeli walipoteza njia walizozipenda sana, na hasira yao inaeleweka. Wanapoambiwa baiskeli zinaharibu ardhi, hujibu kwa utafiti wa Montana uliochapishwa mwaka 1994, ulioonyesha kuwa kwato na miguu ya watu hufumua udongo mwingi kuliko magurudumu. Hoja hiyo ipelekwe kwa wabunge. Farasi unayekutana naye kwenye kona hakuandika sheria, na kumpita kwa kasi kunawapa wapinzani wako ushahidi. Angalia ramani kabla ya kuondoka: njia ndefu ya Pacific Crest imefungwa kwa baiskeli tangu 1988, ilhali njia ya Colorado ina mizunguko maalumu ya baiskeli kukwepa nyika.

Palipo na utashi, wasimamizi wana mbinu. Huko huko Marekani, kwenye njia ya Tahoe Rim inayozunguka Ziwa Tahoe, sehemu inayoanzia Tahoe Meadows baiskeli huruhusiwa tarehe shufwa tu, na anayetaka kupanda farasi bila baiskeli anajua siku yake. Kufyeka vichaka vya kona kunasaidia kuliko kibao chochote. Mawe mawili makubwa yakiwekwa kabla ya kona yanapunguza mwendo wenyewe. Bora zaidi ni kufanya kazi pamoja: wenye baiskeli hufika mbali kwa siku moja na kuripoti miti iliyoanguka, wenye farasi na nyumbu hubeba misumeno na sululu hadi huko.

Na jambo dogo la maegesho, ambalo limeharibu asubuhi nyingi: usiegeshe gari nyuma ya tela la farasi. Mlango wake hufunguka kwa nyuma na farasi hutoka kinyumenyume, kwa hiyo acha mita sita au saba wazi, na baiskeli zenu zishusheni upande mwingine wa uwanja.