Sensa ya joto: pima kwanza, duka baadaye

Mdogo wangu, mashine ya kufua na kukausha ikikuandikia namba ya hitilafu ya sensa ya joto, usipande boda kwenda mjini kununua sensa. Bodi, yaani ubao wa umeme unaoiongoza mashine, haiioni sensa peke yake. Inaona njia nzima: sensa, plagi zake na waya ulio katikati. Njia ikikatika popote, namba inayotokea ni ileile.

Mimi somo hili nililipia Ntinda, mtaa wa hapa Kampala, kwa Hajati mmoja. Mashine yake ilifua vizuri, ikakamua, halafu ikagoma pale pale kukausha kulipotaka kuanza. Nikasoma namba, nikafunga sensa mpya, nikapokea hela yangu. Siku ya tatu simu: "Fundi, imerudi palepale."

Nilirudi kichwa chini. Nikachomoa plagi ukutani, maana volti 240 hazina utani, nikasubiri dakika kadhaa bodi itoe chaji iliyobaki. Nikafungua mfuniko, nikachomoa plagi ya sensa upande wa bodi na kuweka mita ya umeme hapo. Kilo-omu 10 na ushei; hicho ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita. Safi kabisa, na nilikuwa karibu kufunga. Kisha nikalikandamiza pipa kwa kiganja, nikaliyumbisha kama linavyoyumba likikamua. Namba ikapotea. Nikaachia, ikarudi.

Pipa linaning'inia kwenye springi, bodi imetulia kwenye fremu, kwa hiyo waya unaopita kati yake hupindwa kila mashine ikikamua. Nje ngozi ya waya ilikuwa nzima. Ila nilipoupitisha kati ya vidole, sehemu moja ililegea kama tambi iliyoiva. Shaba ndani ilikuwa imekatika, na ncha zinagusana pale tu zinapojisikia.

Usisahau pia kwamba mashine hizi huwa na sensa zaidi ya moja. Moja iko chini kwenye maji, karibu na hita. Nyingine iko juu, kwenye njia ya hewa ya moto. Hakikisha unajua ipi inalalamikiwa kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Sensa yenyewe haina uchawi. Nyingi ni za aina ambayo joto likipanda, ukinzani unashuka. Ile ya kilo-omu 10 kwa nyuzi 25 itasoma karibu 5 kwa nyuzi 40, na karibu 2.5 kwa nyuzi 60. Mchana wa kawaida hapa Kampala chumba hakiko mbali na nyuzi 25, kwa hiyo kipimo cha kwanza unakipata bure. Baada ya hapo omba chai ya moto, samahani, maji ya moto ya chupa, utumbukize ncha ya sensa kwenye kikombe na kutazama mita. Namba ishuke polepole bila kuruka. Ikirukaruka, au ikikaa palepale, hiyo kweli imekufa.

Ile ya juu isafishe kwanza. Nyuzi za nguo zikiifunika kama blanketi, inachelewa kuhisi joto, na mita haitakuonyesha kosa lolote.

Ukinunua, andika namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha mashine. Muuzaji atakuambia "zote ni moja". Si kweli: ziko za kilo-omu 5, za 10, za 20, na sura zinafanana kama mapacha.

Kuna mafundi wanaoweka rezista, kifaa chenye ukinzani usiobadilika, mahali pa sensa ili namba izimike. Ukifanya hivyo, usiseme nilikufundisha mimi. Bodi itaamini joto ni lilelile muda wote huku hita inawaka katikati ya nyuzi kavu za nguo, na nyumba ina watoto.

Kwa Hajati nilibadilisha kipande cha waya, nikakiachia ulegevu kidogo kwenye kona, nikakifunga kisisuguane na chuma. Hela ya sensa nilimrudishia. Sensa yake ya zamani bado iko kwenye droo yangu, nzima kabisa.