Kaunta ya tailizi za graniti, nibandike juu ya plaiwudi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua tailizi za graniti za sentimita 30 kwa 30, nataka nizibandike mwenyewe kwenye kaunta ya jikoni, kabati zipo na plaiwudi nimeshapiga juu yake. Mume wangu anasema paka gundi bandika yaishe, jirani anasema zitapasuka. Nani mkweli? Na tundu la sinki nalikataje? Mama Jiko Jipya

JIBU: Salama mama. Jirani kasema kweli, ila shemeji usimgombeze, wengi wanafanya hivyohivyo. Plaiwudi ikilowa inavimba ikikauka inasinyaa, jiwe lenyewe halijui kupinda, sasa hapo lazima kitu kiachie, ama gundi ama grauti (ule uji wa simenti unaojaza nafasi kati ya tailizi), na ukishaona ufa karibu na sinki jua maji yanaingia chini siku nyingi.

Kwa hiyo plaiwudi iwe angalau ya milimita 18, ishikwe na skrubu vizuri, weka pima maji huku na huku, halafu juu yake ndo unalaza bodi ya simenti kwa gundi ya tailizi na skrubu, maungio unayaziba kwa tepu ya nyavu. Hapa usiwe na haraka kabisa, kubandika kwenyewe ni kazi rahisi.

Kabla ya gundi zipange zote kavu, changanya za maboksi tofauti maana jiwe rangi hazilingani, anzia ukingo wa mbele ili vipande vya kukata viangukie ukutani.

Sinki chukua lile linalokalia juu ya kaunta, mdomo wake unaficha mkato wako hata ukienda upogo kidogo. Kwenye kona za ndani toboa kwanza tundu kwa drili ndo ukate kufikia hapo, ukikata kona kali ufa unakimbia mpaka mwisho wa tailizi. Kata kwa mashine ya maji yenye bledi ya almasi, kukodi inatosha. Grainda kavu ndani ya nyumba hapana jamani, vumbi la graniti lina silika, linaharibu mapafu.

Gundi paka kwa mwiko wenye meno na mgongo wa tailizi nao uupake, kama jiwe ni la rangi nyepesi tumia gundi nyeupe maana ya kijivu huonekana kwa juu. Acha nafasi ya milimita 2, kesho yake paka sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe) kwanza ndo grauti isiyo na mchanga, mchanga unachuna ule mng'ao. Pale kaunta inapokutana na ukuta weka silikoni, siyo grauti.

Halafu kabla hujaanza chochote, dondoshea limao kwenye tailizi moja uiache kidogo. Ikifubaa, umeuziwa jiwe la marumaru (marble), siyo graniti, rudisha dukani.