Tamasha la bure: mahali pa kukaa kwanza, ratiba baadaye

Majira ya joto yakifika, miji mikubwa hufungua bustani na viwanja vyake kwa muziki, maigizo na sinema za usiku, na mengi ya hayo hayana kiingilio. Wengi huanza na ratiba: wanaweka alama kwenye majina ya wasanii, wanafika dakika za mwisho, kisha wanaishia nyuma ya nguzo, jua likiwapiga usoni na sauti ikiwafikia nusunusu. Geuza mpangilio huo. Amua kwanza utakaa wapi na utatokaje, ndipo uangalie nani anapanda jukwaani saa ngapi. Bendi usiyoijua, ukiisikiliza umetulia kivulini, inafurahisha kuliko msanii mkubwa unayemchungulia katikati ya mabega ya watu.

Neno "bure" nalo lisome kwa makini, maana lina sura zaidi ya moja. Kuna bure ya kuingia tu na kukaa: anayewahi ndiye anayepata, na uwanja ukijaa geti linafungwa hata kama umetoka mbali. Kuna bure ya kujiandikisha mtandaoni, ambapo waandaaji mara nyingi huandikisha watu kuliko nafasi zilizopo kwa kuwa wanajua wengine hawatatokea. Kwa hiyo ile barua pepe ya uthibitisho si kiti; fika mapema vilevile. Halafu kuna bure ya foleni. Katika ukumbi wa wazi wa Delacorte ndani ya Central Park, New York, uliofunguliwa 1962, tiketi za maigizo ya Shakespeare hazilipiwi, lakini watu wamezoea kuamka mapema na kupanga mstari ili wazipate. Kama huna subira ya foleni ya aina hiyo, ni heri ujue kabla hujatoka nyumbani.

Sherehe zilizosambaa mji mzima zina kanuni yake. Fête de la Musique, iliyoanzia Ufaransa 1982 na hufanyika kila tarehe 21 Juni, haina uwanja mmoja; wanamuziki wako mitaani, kwenye ngazi na viambazani. Kosa la kila mwaka ni kukimbizana na orodha kutoka mtaa hadi mtaa, na jioni ikaishia ndani ya treni. Chagua mtaa mmoja, tembea kwa miguu, simama unapovutiwa.

Kivuli, sauti, ardhi

Kivuli ndicho kitu kinachokosewa zaidi, na sababu ni rahisi: watu huketi mahali kivuli kilipo, wakisahau kwamba kinahama. Ukifika saa nane mchana, jua bado liko karibu na utosi na kivuli kimejikusanya chini ya mti. Watu wamebanana hapo. Wewe tandika mkeka upande wa mashariki wa mti, hata kama kwa sasa pana jua. Kadiri jua linavyoshuka magharibi, kivuli kinatambaa kuelekea mashariki na kukufuata. Jua likifika nusu ya njia kati ya utosi na upeo wa macho, mti wa mita 10 unatoa kivuli cha mita 10. Likishuka zaidi, kivuli hicho kinarefuka maradufu. Ndani ya saa moja au mbili waliokuwa chini ya mti wanaanza kuvuta mikeka, nawe huhitaji kusogea hata hatua moja. Muda huo mfupi wa jua uvumilie kwa kofia na shuka jepesi la kujifunika.

Kabla ya kutandika, angalia pia jukwaa limeelekea wapi. Kama watazamaji wanatazama magharibi, kuanzia saa kumi na moja jioni jua litakuwa machoni kwenu hadi lizame. Sogea pembeni, upate mti au jengo la kulikinga.

Kuhusu sauti, mbele kabisa si mahali pazuri. Pale unasikia besi inayogonga kifua na maneno hayaeleweki, kwa sababu spika kubwa zinaelekezwa juu ya vichwa vya walio karibu. Tafuta kibanda cha fundi wa sauti, yule mwenye meza yenye vitufe vingi, ambaye kwa kawaida yuko katikati ya uwanja akitazamana na jukwaa. Anarekebisha kila kitu kwa masikio yake, hivyo anachosikia yeye ndicho ulichokusudiwa kusikia wewe. Kaa mbele yake kidogo au ubavuni mwake. Mahali pa wazi, sauti hupungua kiasi cha desibeli 6 (kipimo cha ukali wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu, na husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukiwa mita 100 kutoka jukwaani, sauti inachelewa karibu theluthi moja ya sekunde nyuma ya midomo ya mwimbaji. Ndiyo maana viwanja vikubwa huweka minara ya spika za ziada katikati. Ukilazimika kukaa nyuma, kaa mbele ya mnara mmojawapo. Viwanja vichache vimelitatua jambo hili vizuri. Kwenye Pritzker Pavilion mjini Chicago, jukwaa la Millennium Park lililofunguliwa 2004, mabomba ya chuma yamepita juu ya majani yote yakiwa yamebeba spika, na aliyeko mwisho wa nyasi anasikia kwa uwazi. Hapo usihangaike kusogea mbele.

Masikio yana kikomo. Kwenye desibeli 85 yanastahimili saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda huo hupungua nusu, hivyo kwenye 100, kiwango cha kawaida karibu na spika, ni dakika 15 tu. Vizibo vya sponji vinasaidia sana, ila wengi huvivaa vibaya. Kiviringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kikitanuka. Kikiwa kimetokeza nje zaidi ya nusu, hakijaingia. Watoto wadogo wavalishwe vile vya kufunika sikio zima, maana vya sponji havikai.

Ardhi usiipuuze. Palipoinuka kidogo unaona juu ya vichwa, na mvua ikinyesha maji yanateremka kwa wengine. Majani yaliyolala au udongo ulio wazi katikati ya nyasi ni dalili ya njia ya watu: ukitandika hapo utakanyagwa jioni nzima. Epuka pia upande ambako upepo unatokea vyooni au kwenye jenereta. Mkeka wa mita 2 kwa 2 unatosha watu wanne, na uwe na plastiki chini, kwa kuwa umande huanza kutua mapema kuliko unavyodhani.

Mfuko na mwili

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, soma masharti ya geti. Chupa za kioo, miavuli na viti virefu hukataliwa mara nyingi, na baadhi ya mageti hupima hata ukubwa wa mfuko. Chupa ya maji ya plastiki ijaze robo tatu tu, ilaze ubavu kwenye friza. Maji yakiganda hutanuka kiasi cha asilimia 9, na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Asubuhi ongeza maji ya kawaida juu ya barafu. Kama geti linataka chupa tupu, acha barafu nyumbani na uulize mabomba ya maji yako wapi mara tu unapoingia, kabla foleni haijawa ndefu. Ukiwa unacheza juani, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 ndicho kipimo, usingoje kiu.

Mafuta ya kujikinga na jua yanapakwa dakika 15 kabla ya kutoka, na mwili mzima unahitaji mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula. Wengi hupaka theluthi ya hapo, kisha wanashangaa kuungua. Rudia kila baada ya saa mbili. Ngozi nyeusi nayo huungua, tena masikioni, kisogoni na juu ya nyayo ambako hakuna anayekumbuka. Dawa ya mbu ipakwe baadaye, juu ya mafuta hayo.

Jambo moja la joto lazima kila mtu alijue. Mtu aliyechoka kwa joto hutokwa jasho jingi, kichwa kinamuuma, anataka kutapika: mpeleke kivulini, alale, anywe maji kidogokidogo. Lakini akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura. Ita wahudumu wa afya, mmwagie maji na kumpepea papo hapo bila kungoja wafike, na usimnyweshe chochote kama hana fahamu.

Ngurumo: hesabu sekunde tangu umeme umulike hadi ngurumo isikike, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, ondoka uwanjani uingie kwenye jengo au gari. Mti ni hatari, na hema halikingi. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Umati, simu, watoto

Umati wa kawaida unakuruhusu kujigeuza bila kumgusa mtu. Ukianza kuguswa pande zote, hapo pana watu wanne au watano kwa mita mraba, na ni wakati wa kuondoka, bado ungali unaweza. Wakifika sita au saba umati unasogea kama maji, na hakuna anayeamua aende wapi. Ukinaswa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, usishindane na wimbi, na likitulia jongea kwa mshazari kuelekea ukingoni. Ukidondosha simu, iache.

Mtandao huzidiwa watu wakiwa wengi, kwa hiyo ramani na tiketi zihifadhi kwenye simu kama picha kabla ya kutoka. Data ikigoma, ujumbe mfupi wa kawaida mara nyingi hupita. Kubalianeni mahali pa kukutana penye jina la kudumu na saa kamili. "Karibu na jukwaa" si mahali.

Piga picha watoto asubuhi wakiwa na nguo za siku hiyo. Waandikie namba yako mkononi kwa kalamu, ufunike kwa utepe mwangavu ili jasho lisiifute. Wafundishe kwamba wakipotea wasimame palepale na kumtafuta mtu mwenye sare, badala ya kuanza kukutafuta wao.

Kutoka

Stesheni iliyo karibu zaidi ndiyo mbaya zaidi usiku, na mara nyingine haitumiki kabisa: wakati wa Notting Hill Carnival mjini London, Ladbroke Grove, iliyo katikati ya shughuli, hufungwa. Tembea hadi stesheni ya pili au ya tatu, nauli ikiwa tayari, na ujue treni ya mwisho ni saa ngapi. Kwa sinema za bustanini hili ni la lazima, kwani hazianzi mpaka giza liingie, dakika 30 hadi 45 baada ya jua kuzama. Mwezi Juni katika miji ya kaskazini jua huzama saa tatu usiku au hata baadaye, hivyo filamu ya saa mbili inakuacha karibu na saa sita.

Una njia mbili: toka dakika 10 kabla ya mwisho, au baki nusu saa. Tunapendelea kubaki, hasa kama kuna mtoto aliyelala. Taa zikiwashwa na uwanja ukianza kuwa mtupu, kusanya taka zako kwenye mfuko uliokuja nao, kunja mkeka upande wenye unyevu ukiwa ndani, kisha laza tochi ya simu karibu na ardhi uimulike nyasi kwa ubavu. Funguo na herini zilizoanguka hung'aa hapo, wakati ukimulika kutoka juu huzioni.