Je, Maharage Yanatosha kwa Mtu Asiyekula Nyama?

SWALI: Nina umri wa miaka 29 na uzito wa kilo 60. Tangu mwaka jana nimeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa. Kila siku ninakula ugali au wali kwa mboga za majani, na maharage mara mbili kwa wiki. Mama mkwe anahofia kuwa ninakosa protini, hasa kwa kuwa mimi na mume wangu tunapanga kupata mtoto. Je, hofu yake ina msingi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, hofu ya mama mkwe ina msingi, ingawa tatizo haliko katika kuacha nyama bali katika uchache wa maharage kwenye sahani yako.

Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo wewe unahitaji karibu gramu 50 kwa siku, na mahitaji hayo yataongezeka utakapokuwa mjamzito. Gramu 100 za unga wa mahindi zina gramu 8 hivi tu, tena zenye upungufu wa lisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu zina lisini ya kutosha, na kile zinachopungukiwa hupatikana katika nafaka. Ndiyo maana makande, yanayopendwa sana Upareni, ni mlo ninaousifu bila kusita. Si lazima viive chungu kimoja, mradi uvile vyote siku hiyohiyo.

Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15 za protini, lakini ninazungumzia punje, si mchuzi, kwa maana katika nyumba nyingi maharage huchotwa kama kitoweo cha kulainishia ugali. Kula vikombe viwili vya jamii ya kunde kila siku, uongeze kiganja cha karanga, chenye gramu 7 hivi, na nafaka zitakamilisha kiasi kilichobaki. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yake, kisha uyachemshe hadi yaive kabisa. Karanga zilizoota ukungu zitupe, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitamini B12, ambayo hakuna mboga wala nafaka ya kawaida inayoweza kukupatia kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa kuwa ini huihifadhi kwa muda mrefu, unaweza kujiona mzima hata kwa miaka kadhaa huku akiba ikipungua, ilhali upungufu wake huharibu damu na neva, na humdhuru mtoto aliye tumboni au anayenyonya. Kwa hiyo, kabla ya kushika mimba, nenda kituo cha afya, ueleze wazi usichokula, uombe kupimwa damu na kuandikiwa vidonge vya B12 pamoja na vya foliki asidi.