Rasiberi si parachichi: kwa mnaoanza huku Nyanda za Juu

Kila mvua zikikaribia, kwenye grupu letu la wakulima huanza kuingia picha zilezile: viriba vyeusi vimefungwa kwenye keria ya bodaboda, na chini yake swali, "Wakuu, hii ni rasiberi aina gani?" Mtu kashalipa, miche iko njiani kwenda Makete, ndiyo kwanza anauliza aina. Ukimwambia swali hilo lilitakiwa kutangulia kabla ya hela kutoka, unaambiwa wewe mzee unakatisha vijana tamaa. Haya. Naandika yote mahali pamoja, maana nimechoka kurekodi sauti nikiwa kwenye bajaji.

Sitagusa ukubwa wa shimo wala madebe ya samadi. Hayo mnayajua, wengi wenu mmetoka kwenye parachichi na viazi. Tatizo ni kwamba mnakuja na akili ya parachichi. Kule mtu anasema "Hass" na mazungumzo yamekwisha. Huku ukisema "nataka rasiberi" bado hujasema kitu.

1. Uliza kwanza: inazaa kwenye ufito wa mwaka gani?

Ufito ni lile shina jembamba linalochomoza kutoka kisikini. Kisiki na mizizi huishi miaka mingi, lakini kila ufito una misimu miwili tu. Wa kwanza unarefuka, wa pili unazaa, halafu unakauka. Hivyo ndivyo zilivyo aina za asili na nyingi zinazosifiwa kwa utamu. Halafu kuna aina ambazo ufito unachomoza ardhini na kuzaa nchani msimu uleule. Kwa rasiberi kuna Heritage, iliyotolewa kituo cha utafiti cha Geneva, New York, mwaka 1969. Kuna Autumn Bliss ya Uingereza na Polka ya Poland. Blakiberi, ndugu weusi wa rasiberi, zilichelewa sana kwenye jambo hili. Prime-Jim na Prime-Jan, za kwanza za namna hiyo, Chuo Kikuu cha Arkansas kilizitoa mwaka 2004, na Prime-Ark Freedom isiyo na miiba ikaja 2013.

Muuzaji asipojua, nenda kwenye kitalu chake ukaangalie mimea mama. Ukiona ufito mbichi wa msimu huu, ule wa kijani usio na gamba la kahawia, umechanua ncha, basi ni wa kuzaa mwaka huohuo. Akikwambia mimea mama iko kwa shemeji yake Arusha, rudisha pochi mfukoni.

2. Baridi yetu si ile wanayoisema kwenye vipeperushi.

Hapa ndipo vijana wa Njombe wanaponibishia. "Mwalimu, huku mwezi wa saba majani yanaamka na barafu!" Najua, nalala hukohuko. Lakini rasiberi za kuzaa mwaka wa pili, kama Tulameen ya Kanada au Glen Ample ya Uskochi, macho yake, yaani vile vichipukizi vya kwenye ufito, hulala usingizi ambao hautoki mpaka yapate mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7, nyingi zinataka 800 na kuendelea. Kwao hiyo ni miezi mizima, mchana na usiku. Kwetu alfajiri inauma, ikifika saa nne jua limewaka na watu wamevua makoti, na joto hilo la mchana linafuta sehemu ya hesabu ya usiku. Aina ya kuzaa mwaka huohuo haina habari na usingizi huo, kwa sababu ufito wake unazaa kabla haujalala.

3. Fito nilizochoma mwenyewe.

Nilianza na Tulameen. Sikuichagua, picha ilinichagua: tunda jekundu refu limeshikwa na vidole viwili, limejaa kama kofia. Muuzaji alisema ni "ya kisasa", nami sikuuliza neno la pili. Nikapanda kwenye kiplot changu kilimani, nguzo za mlingoti, waya mbili, matandazo ya maganda ya ngano, kila kitu cha darasani.

Msimu wa kwanza zilikwenda juu kupita kichwa changu. Majani mapana, kijani, upande wa chini meupe kama yamepakwa unga. Nikawa naleta wageni. Walimu wenzangu wakipiga picha, mimi nazungumzia kontena na hoteli za Dar es Salaam wakati sijaona hata ua moja. Msimu ulipoisha nikapata maelekezo mahali: "Baada ya mavuno kata fito zote mpaka chini." Yalikuwa maelekezo ya Heritage. Jina nililiona, nikalipita. Nikamwita kijana anayenisaidia, tukashika mundu, tukalaza shamba zima asubuhi moja, tukakusanya, tukachoma. Nilijisikia mtaalamu.

Zikachipua tena, nzuri kuliko mwanzo, bila ua. Nikasema udongo umechoka, nikatia urea. Fito zikanenepa, zikalegea, upepo ukazilaza juu ya waya. Bado hakuna ua. Mama mmoja jirani, ambaye viazi vyake viligharimia ada za watoto wote wakati mimi nasoma vipeperushi, alisimama kwenye mpaka akasema, "Kamwene, mwalimu. Hili jani linaungwa na karanga au linachemshwa tu?" Nikacheka naye. Nikakata tena, nikachoma tena.

Aliyenifumbua macho ni bwana shamba mmoja aliyekuja kwa shughuli za parachichi. Akapita kati ya mistari, akaniuliza, "Fito za mwaka jana ziko wapi?" Nikamwonyesha jivu. Hakunicheka, na afadhali angecheka. Akainama, akashika ufito mmoja, akapitisha kidole kwenye macho yaliyoanza kuvimba: "Hapa ndipo matunda ya mwaka kesho yalipo. Wewe unachoma mavuno kabla hayajaja."

Kwa hiyo nikaacha. Msimu mzima sikugusa. Nikasubiri kwa heshima zote, na zilipoamka, yaliamka macho machache ya juu tu, huko chini ufito umekaa uchi kama ulivyokuwa. Matunda yaliyopatikana watoto waliyamaliza wamesimama, hayakufika jikoni. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa na makosa mawili, moja limejificha nyuma ya lingine. La mundu lilikuwa rahisi kurekebisha. La kupanda aina inayotaka majira ya baridi ya Kanada juu ya kilima cha Njombe halikuwa na dawa, na kama nisingekuwa na haraka ya kukata ningeligundua mapema na kuokoa urea.

Nikang'oa. Nakuambia "nikang'oa" kana kwamba ni neno moja. Maotea ya rasiberi yanasafiri chini kwa chini, na kwa muda mrefu yaliendelea kuibuka katikati ya viazi vya yule mama. Kila likiibuka ananiita.

Siku hizi nina Heritage na kipande kidogo cha Polka. Polka tunda lake ni kubwa na tamu zaidi, Heritage ni dogo lakini linavumilia uzembe wangu. Zote nakata mpaka chini, na sasa nina haki ya kukata.

4. Chagua kwa kilima chako, si kwa kilima cha rafiki yako.

Makete, Njombe, Mufindi: rasiberi za mwaka huohuo, bila mjadala. Mbeya mjini, Uyole, Iringa mjini: ningeanza na blakiberi, maana zinavumilia jua kuliko rasiberi. Ukitaka zile za mwaka wa pili, tafuta zinazoridhika na baridi kidogo, kama Tupy ya Brazil, iliyotolewa na Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la huko, na kwenda kubeba mashamba ya Meksiko. Navaho ya 1988 ni tamu na ina sifa zake, lakini inataka baridi nyingi; msije mkaniletea picha ya fito uchi. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, tunda linaoza kwa ukungu wa kijivu likiwa bado kwenye kikonyo, kwa hiyo bila paa la nailoni usijaribu. Na wewe wa Kyela uliyeniuliza: una kokoa, una mpunga, Mungu akupe nini tena?

5. Vunja jani.

Kuna binti mmoja, mchapakazi kweli, alinunua "blakiberi isiyo na miiba" akajaza nusu eka. Nilipokwenda nikakuta mistari imenyooka, magugu hakuna, na kila mche ni mforosadi. Nilivunja jani, likatoa utomvu mweupe. Blakiberi haina utomvu huo, na jani lake limegawanyika vipande vitatu au vitano, si jani moja pana. Forosadi ni tunda zuri, analiuza mpaka leo. Lakini alilipa bei ya blakiberi.

6. Usipande palipokuwa na viazi.

Najua nimewafukuza nusu yenu kwenye mashamba yenu. Ugonjwa wa mnyauko wa fangasi unaokaa kwenye udongo wa viazi, nyanya, mbilingani na pilipili unaingia kwenye rasiberi, na unasubiri miaka. Kaa angalau minne. Mahindi au ngano zikitangulia, sawa. Na vinyungu, zile bustani za bondeni, pia hapana! Najua maji yako hapohapo na mwezi wa tisa kila kitu kingine kimekauka, lakini mizizi ya rasiberi ikilala kwenye maji siku chache inaoza, na juu utaona majani yanageuka njano utafikiri ni njaa, utatia mbolea. Panda kwenye mteremko, pandisha tuta, maji yalete kwa mpira wa matone. Waliotoka kwenye mashamba ya chai wapime udongo na kutia chokaa ya kilimo kwanza, maana udongo wa chai una tindikali nyingi mno kwa rasiberi.

7. Miiba: ukiwa na wachumaji wa kulipwa, nunua isiyo na miiba, basi.

8. Ile inayoota popote iogope.

Kuna rasiberi nyeusi ya Asia, fito zake zina unga mweupe, inaitwa Mysore. Haihitaji baridi, inazaa kirahisi, na wauzaji wanaipenda kwa sababu mbegu yake inaota hata kwenye kinyesi cha ndege. Visiwa vya Galápagos wanahangaika nayo. Wewe unayelima kandokando ya Hifadhi ya Kitulo, ambako watu huita Bustani ya Mungu, usiwe wewe uliyeileta. Na miche ya kutoka nje ya nchi inataka kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Begi la nguo si njia ya kuingizia miche, hata kama shangazi amekubali.

9. Panga mavuno yakwepe mvua.

Kwa aina za mwaka huohuo, wewe ndiye unayeamua lini uvune, kwa mundu. Tangu kukata hadi tunda la kwanza hesabu miezi minne au mitano, na ikipita kwenye baridi kali ongeza. Ukikata Januari unachuma kiangazi, tunda kavu, safi. Wa Makete wahesabu ili maua yasikutane na barafu ya Julai. Kata kwa zamu, mistari michache leo, mingine baada ya wiki kadhaa, usije ukaivisha shamba zima siku moja na mnunuzi wako ni hoteli moja yenye vyumba kumi.

Maana rasiberi hata kwenye friji ni ya siku mbili tatu, na haiivi ikishachumwa. Chuma asubuhi umande ukikauka, weka kwenye kontena fupi, tabaka mbili mwisho, moja kwa moja kwenye deli lenye barafu. Iliyoiva inachomoka kwa kuguswa na kuacha moyo wake mweupe kwenye kikonyo, ikigoma usiivute. Blakiberi inatoka na moyo wake, na hapa ndipo wachumaji wapya wanapowatia hasara: nyeusi inayong'aa bado ni chachu. Mwambie mchumaji asubiri mng'ao ufifie, ndipo achume. Zilizopondeka ziende kwenye sufuria ya jamu siku hiyohiyo, maana kesho yake tayari zina ukungu.